Nauli iko kwa baba

Katika nyumba nyingi za Tanzania, mtoto anapozidiwa usiku, anayeamua kama aende hospitali si yule aliyempakata. Mama ameshaona kwamba mtoto hanyonyi, ameshamgusa paji la uso, ameshamwamsha bibi. Lakini nauli iko kwa baba, au ruhusa iko kwa baba, na baba yuko machimboni Kahama, yuko na lori njia ya Tunduma, au amelala chumba hicho hicho na anasema tusubiri kupambazuke. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua, wa kufika, na wa kuhudumiwa ukishafika. Ule wa kwanza hutokea nyumbani, na mara nyingi ufunguo wake umeshikwa na mwanamume.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 24 kati ya hao hawaumalizi mwezi wa kwanza. Ni afadhali kuliko miaka ya nyuma, tena kwa mbali. Bado, zaidi ya nusu ya vifo hivyo hutokea katika siku 28 ambazo mtoto hulala ndani, karibu na watu wake, na ambazo saa tatu au nne za kusubiri huwa nyingi mno.

Mama hufundishwa. Tangu mimba ikiwa changa huambiwa dalili za hatari, hupewa kadi, hupimwa, na baada ya kujifungua hurudi kliniki kwa kila tarehe ya chanjo. Baba anayesindikiza katika hudhurio la kwanza hupimwa VVU pamoja na mkewe, kisha wengi hawaonekani tena. Vituo kadhaa sasa vinaiita huduma hiyo kliniki ya baba, mama na mtoto, na wahudumu huwatanguliza waliokuja wawili. Ni hatua njema. Hata hivyo benchi limejaa kina mama, na matokeo yake ni kwamba mwenye kauli ya mwisho nyumbani ndiye aliyesikia machache kuliko wote. Makala haya ni kwa ajili yake.

Dalili zisizongoja asubuhi

Tuanze na kichanga, mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa kuwa huyu hali yake hubadilika haraka. Akikataa kunyonya, au akinyonya kwa kulegea tofauti na jana, mpeleke. Mwili ukiwa wa moto, nyuzi 37.5 na kuendelea, mpeleke. Na ukiwa wa baridi, chini ya nyuzi 35.5, mpeleke vilevile, maana kwa kichanga ubaridi ni dalili mbaya sawa na homa, na wazazi wengi hawajaambiwa hivyo. Akilala tu bila kujisogeza mpaka umguse, mpeleke. Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika kwenye viganja na nyayo siku yoyote ile, mpeleke; kumwanika juani hakutoshi kutibu manjano ya namna hiyo, na yakiachwa yanaweza kuharibu ubongo. Kitovu kikitoa usaha, au wekundu ukisambaa kwenye ngozi ya tumbo, mpeleke, na usikipake majivu wala mafuta. Kitovu hutakiwa kiwe safi na kikavu, basi, na dawa pekee ya kukipaka ni ile aliyotoa mkunga.

Kisha kuna kupumua. Hapa baba hahitaji kifaa chochote zaidi ya simu yake. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue nguo, utazame kifua na tumbo vinavyopanda na kushuka, uhesabu kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Rudia kuhesabu, na zikibaki hivyo ondoka. Kuanzia miezi miwili hadi kumi na moja kiwango ni 50, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano ni 40. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hilo peke yake linatosha kukutoa nyumbani. Kipimo hiki hicho ndicho wanachotumia wahudumu wa zahanati kutambua nimonia, na mtu yeyote anayeweza kuhesabu anaweza kukifanya.

Kwa mtoto aliyevuka miezi miwili, kuna dalili nne ambazo hazijadiliwi, awe anaumwa malaria, kuhara au kitu kingine: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mojawapo tu ikitokea, safari inaanza. Homa isiyo na dalili hizo nayo inahitaji kipimo cha malaria siku hiyo hiyo au kesho yake, kwani panadol hushusha joto ikaacha vimelea vikiendelea na kazi yao. Dozi yake nayo hufuata uzito wa mtoto, si makisio, na aspirini haifai kabisa kwa watoto.

Kuhara kuna dawa mbili zinazojulikana na zinazopatikana karibu kila duka la dawa: chumvichumvi za ORS na vidonge vya zinki. Mtoto wa zaidi ya miezi sita hupewa zinki miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Soma pakiti ya ORS ujue ni ya maji kiasi gani, kwa sababu kuipunguzia maji au kuyazidisha kunaondoa faida yake. Kunyonya kusisimamishwe hata kidogo. Macho yakididimia, au ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia ikirudi polepole, mtoto ameishiwa maji na nyumbani si mahali pake tena.

Sasa turudi kwenye nauli. Kitu kimoja ambacho kila baba anaweza kukifanya wiki hii, bila kununua chochote, ni kumwambia mama wa mtoto: ukiziona dalili hizi usinipigie kuomba ruhusa, ondoka, unipigie ukiwa njiani. Kisha aache fedha, nyumbani au kwenye simu ya mama, ambazo hazina kazi nyingine. Aweke na namba za madereva wawili wa bodaboda au bajaji wanaokubali kuamshwa. Sera ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma, lakini aliyewahi kufika dirisha la dawa akaambiwa hakuna anajua kwa nini akiba hiyo ni muhimu. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga, kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ulioanza kupanuliwa nchi nzima mwaka 2022. Namba ni 115, haikatwi salio, na pasipo na gari la wagonjwa hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Iandikwe ukutani, kwa maandishi makubwa.

Degedege, kimeo na kauli ya bibi

Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika jambo ambalo hata leo halijatoweka. Wazazi waliitambua homa na wakaipeleka hospitali, ila mtoto alipoanza kukakamaa na kugeuza macho, ugonjwa ulibadilishwa jina ukawa degedege, na degedege ilihesabiwa kuwa ni mambo ya shetani yanayotaka mganga kwanza. Wapo waliomfukiza mtoto moshi wa kinyesi cha tembo. Wapo walioamini kwamba akichomwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa, na kwa kuwa waliofika hospitali walifika wamechelewa sana, baadhi walikufa kweli baada ya sindano, na imani ikazidi kukita mizizi.

Degedege kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano mara nyingi hutokana na homa yenyewe, na mara nyingine na malaria kali au homa ya uti wa mgongo, magonjwa yanayoua ndani ya siku moja. Kinachotakiwa ni kumlaza ubavu, kulegeza nguo, kuondoa vitu vya kumuumiza karibu yake, kutomtia kijiko wala kidole wala dawa mdomoni, kutomkandamiza, kuangalia saa, na kuanza safari mara moja. Mganga hana kipimo cha malaria.

Kimeo kina habari yake. Mtoto akikohoa mfululizo, jirani husema kimeo kimerefuka kikatwe, na hukatwa kwa kisu au kifaa kisichochemshwa, na mtu asiyejua mshipa uko wapi. Na mtoto wa miezi michache anapoharisha, ufizi wake hutazamwa, zile chipukizi nyeupe za meno ya utotoni huitwa meno ya plastiki au ya nailoni, kisha huchokonolewa kwa ncha ya msumari au spoku ya baiskeli. Wataalamu wa Wizara ya Afya na madaktari wa Muhimbili wamekemea vitendo hivi kwa miaka mingi, kwa kuwa wao ndio wanaowapokea watoto waliovuja damu na walioingiwa na uambukizo wa damu. Kikohozi hakitoki kwenye kimeo, na kuhara hakutoki kwenye ufizi.

Nimekuwa nikiwasikiliza kina baba vijana juu ya jambo hili, na kizuizi wanachokitaja si kutojua. Ni heshima. Anayesema kimeo kikatwe ni mama mzazi wa mke, au shangazi aliyelea watoto wengi, na kijana hawezi kusimama mbele yake akamwambia amekosea. Basi asimwambie hivyo. Aseme, "Mama, shikamoo, nimekusikia. Naomba tupite kwanza zahanati wamwangalie, halafu tutarudi kukaa na wewe." Amchukue na bibi mwenyewe waende naye, asikie kwa daktari kwa masikio yake. Mwanamume anayenyamaza kwa kuogopa kuvunja adabu, huku mtoto wake anapelekwa kukatwa, ameitumia adabu vibaya.

Mtoto aliyebemendwa

Kuna imani nyingine inayomgusa baba moja kwa moja, na vituo vya afya huipita kimyakimya kwa kuona haya. Mtoto anayenyonya akianza kukonda, miguu ikadhoofika, akachelewa kutembea, watu husema amebemendwa: wazazi wamerudia tendo la ndoa mapema, au mmoja wao ametoka nje. Watafiti waliozungumza na wazazi wa Ilala, Dar es Salaam, walikuta imani hiyo ingali hai mjini, na walikuta inavyowasumbua wanaume, ambao wanaambiwa wasimkaribie mke kwa muda mrefu na papo hapo wanaambiwa wakitoka nje watamdhuru mtoto.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayekonda ana njaa, ana maradhi, au ana vyote viwili, na kumwita aliyebemendwa humfanya mama amfiche badala ya kumpeleka kupimwa. Zahanati ina utepe wa kuzungushia mkono wa juu wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, huo ni utapiamlo mkali na una tiba. Wengine humwachisha mtoto ziwa ghafla wakiogopa kumbemenda, na hapo ndipo kukonda kunapoanza hasa. Maziwa ya mama peke yake, bila maji, hutosha miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo huongezwa chakula, na kunyonya huendelea hadi miaka miwili au zaidi.

Lakini wazee hawakuwa wakiongea hewani. Mwenendo wa baba unaweza kumfikia mtoto kupitia ziwa, ingawa njia yake ni nyingine. Mama anayenyonyesha akiambukizwa VVU katika kipindi hicho, virusi huwa vingi mno katika mwili wake wiki za mwanzo, na hatari ya kumwambukiza mtoto hupanda sana. Yeye alipimwa wakati wa ujauzito akaonekana salama, kwa hiyo hayuko kwenye dawa na hakuna anayemshuku. Baba mwenye mahusiano ya nje asiyetumia kondomu humweka mtoto wake katika hatari hiyo hasa. Apime, arudie kupima, na wakionekana wana maambukizi dawa zipo na watoto wengi mno huzaliwa na kunyonya bila kuambukizwa. Na kuhusu kurudiana, wazungumze na mkunga juu ya uzazi wa mpango. Ushauri wa kimataifa ni kupisha angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe kabla ya mimba nyingine, na muda huo mtoto anauhitaji kweli.

Kipo pia kifua kikuu. Tanzania ni mojawapo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo duniani, na watoto wadogo huambukizwa zaidi na watu wazima wanaolala nao. Chanjo ya BCG aliyochomwa begani alipozaliwa humkinga na aina kali zaidi, si na kila kitu. Baba anayekohoa kwa wiki mbili apeleke makohozi. Asiseme ni vumbi la saruji.

Anachoingia nacho mlangoni

Ukitazama vitu vinavyowaumiza watoto majumbani, utaona vingi viliingia kwa mkono wa baba: alivinunua, alivitengeneza, au alivileta kutoka kazini. Mfano ulio wazi ni mafuta ya taa. Hununuliwa kwa kipimo, humiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, chupa huwekwa chini ya meza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaijua chupa ile. Juzi alipewa kitu kitamu kutoka kwenye chupa kama hiyo. Akigugumia mafunda mawili, mafuta huteleza kwa urahisi mno kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua, si tumboni. Ndiyo maana kumtapisha ni kosa kubwa: yakirudi juu hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Kumnywesha maziwa kwa nguvu kunaweza kumtapisha vilevile. Mvue nguo zilizolowa, mfute, mpeleke hospitali na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kukohoa na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Na leo hii hii mafuta yahamishiwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, juu, mahali mtoto hafiki. Dawa ya panya, jiki na dawa za mifugo ziende huko huko.

Wakulima wa pamba, tumbaku na mbogamboga hurudi na sumu ya wadudu kwenye nguo. Mtoto hukimbilia miguu ya baba, hukumbatia suruali, hutia vidole mdomoni. Nguo za shambani zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na mtu aoge kabla hajampakata mtoto. Bomba la kupulizia lisilale ndani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wana jambo zito zaidi. Wapo wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki nyumbani, jikoni pengine, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huvutwa na kila aliyemo, na ubongo wa mtoto unaokua ndio unaodhurika vibaya zaidi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani na vumbi lake likabaki kwenye nguo na uani. Madini yale yalikuwa na risasi nyingi kuliko kawaida, ila njia iliyowafikisha watoto kwenye sumu ni ile ile: kazi ya machimbo iliyoletwa nyumbani. Geita na Chunya hawana sababu ya kungoja somo lao wenyewe.

Moto na maji nitavitaja kwa ufupi, maana kila mtu anadhani anavijua. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata usiku mmoja wa baridi ya Njombe. Gesi yake haina harufu, na wanaolala nalo hawaamki. Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20, uvue nguo isiyoshikana na ngozi, ufunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na unga havipozi kidonda. Humpa daktari kazi ya kuvibandua. Unapochanganya maji ya kumwogesha, tangulia kumimina ya baridi. Ndoo na mapipa yafunikwe kwa kitu kizito: mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono, akiinamia ndoo hawezi kujitoa, na maji ya kina kifupi yanamtosha. Hazami kwa kelele. Huzama kimya, huku watu wapo sebuleni.

Akipaliwa na karanga au sarafu na akawa hawezi kukohoa wala kulia, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Wa chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige makofi matano kati ya mabega, kisha mgeuze umbonyeze mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili, ukirudiarudia. Aliyezidi mwaka, baada ya makofi matano, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara tano. Akizimia, piga yowe la msaada na uanze kumpa huduma ya kufufua pumzi kama umefundishwa. Betri ndogo ya rimoti au ya saa ikimezwa ni dharura hata kama mtoto anacheka. Inaweza kutoboa umio ndani ya saa mbili.

Na yule baba anayemkalisha mwanawe juu ya tenki la pikipiki, mbele ya usukani, jioni akimtembeza mtaani: najua ni mapenzi. Pikipiki ikigonga kitu, mtoto huyo ndiye anayetangulia, na kifua cha baba kinamfuata kwa nyuma.

Kifuani

Mwili wa mzazi unaweza kumponya mtoto, na hili limethibitishwa hapa nyumbani. Kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wodi ya watoto ilipokuwa imejaa na mashine hazitoshi. Kwa miaka mingi hospitali ziliisubiri hali ya mtoto itulie ndipo abebwe. Kisha Shirika la Afya Duniani likaongoza utafiti katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo Muhimbili ilikuwa mojawapo ya hospitali. Watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walianza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha vifo vya siku 28 za kwanza vikipungua kutoka asilimia 15.7 hadi 12, yaani kwa karibu robo, na utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa wazi.

Mama akiwa amechoka, amefanyiwa upasuaji au yuko chumba cha uangalizi maalumu, kifua cha baba kinafanya kazi hiyo. Mtoto huvikwa nepi, kofia na soksi tu, husimamishwa wima kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe huru, na hufungwa kwa khanga. Joto hutulia, pumzi hutulia. Wapo wanaume wanaoona haya kuvua shati wodini. Wasione.

Nyumbani pia kuna usiku. Kilio cha kichanga huongezeka hadi karibu wiki ya sita, ndipo hupungua, na hakuna aliyekosea kwa sababu hiyo. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika chache upumue. Usimtikise kamwe. Mishipa ya ubongo wake hukatika kwa kutikiswa, na madhara hayarudi nyuma. Aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto. Anayevuta sigara asivutie ndani, wala uani anapocheza mtoto.

Na baba mwenyewe huumia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta takriban baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona katika kipindi cha kuelekea na kufuatia kuzaliwa kwa mtoto. Kwa mwanamume huonekana kama ukali, ulevi au kukimbia nyumbani, na watu humwita mkorofi. Ni ugonjwa. Aongee na mhudumu wa afya bila kuona aibu.

Siku tatu

Yote haya yanahitaji muda wa kuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa angalau siku tatu, na azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Marekebisho ya mwaka 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua njiti, na waliopigania hilo wanastahili pongezi.

Siku tatu, kwa mke aliyejifungua kwa upasuaji, mara nyingi huisha kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Baba anarudi kazini mtoto akiwa hajafika nyumbani, hajaona kitovu kikisafishwa, hajahesabu pumzi hata mara moja. Kwa bodaboda, mchuuzi na mkulima sheria hiyo haina hata hizo tatu, kwao kinachobaki ni wao wenyewe kujipangia na wenzao kuwapokea kazi kidogo. Kenya, kwa sheria yake ya ajira ya mwaka 2007, inatoa wiki mbili zenye malipo. Bunge letu lilionyesha kwa njiti kwamba linaweza kuifungua sheria hii na kuirekebisha. Liifungue tena, na wiki mbili ziwe mahali pa kuanzia.